Kasi Kamili Isiyo Kamili: Historia Fupi ya Majina ya Tundu la USB

Katika maandishi ya ofisi yanayoletwa ili lugha yake ihakikiwe, limezuka kundi la maneno ambalo mfasiri wa zamani hakulazimika kushughulika nalo. Ni maneno ya nyuma ya kompyuta: matundu, nyaya, kadi na vipimo vya kasi. Maneno ya mbele, yaani yale yaonekanayo kwenye kioo, yamekwisha kutafutiwa Kiswahili chake kwa kiasi cha kuridhisha. Mwaka 2004, mathalani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Uswidi kilitoa programu ya Jambo OpenOffice, na mwandishi wa barua akaweza kufungua, kuhifadhi na kuchapisha faili lake bila kuomba msaada wa Kiingereza. Lakini ni wachache waliokizunguka kisanduku kwenda kuutazama mgongo wake. Huko nyuma tumemwachia fundi. Nami nakiri tangu mwanzo kwamba nilikuwa miongoni mwa walioyadharau maneno hayo, mpaka yaliponiaibisha.

Mambo yalikuwa hivi. Serikali ilipotangaza Julai 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kwa vitendo, ofisi zilianza kupakia majalada, meza na kompyuta katika malori. Ofisi moja, ambayo hapana haja ya kuitaja, ilifika na kompyuta za meza 20 zilizonunuliwa kabla ya mwaka 2012. Zilikuwa bado nzima, na kazi ya kuandika barua zilifanya vizuri. Tatizo lilikuwa nakala. Majalada ya zamani yalikuwa yamepigwa picha na kuwekwa katika diski za nje, na kila diski ilipochomekwa ili inakiliwe ilikula nusu ya siku ya kazi. Fundi wao akashauri kwamba badala ya kununua kompyuta mpya, kila iliyopo iongezewe kadi yenye matundu ya USB yaendayo haraka zaidi. Ushauri ulikuwa wa busara na wa gharama ndogo. Mimi nikaombwa kuyaweka maelezo ya ununuzi katika Kiswahili sanifu. Fundi alikuwa ameandika "USB za spidi kubwa". Nikafuta, nikaandika "matundu ya USB yenye kasi ya juu", nikaridhika na ufasaha wa sentensi yangu.

Kadi zikaletwa. Fundi akafungua pakiti ya kwanza, akaitazama, kisha akanitazama mimi. "Kaka," akasema, "hizi ni zilezile tulizonazo."

Juu ya pakiti palikuwa pameandikwa Hi-Speed. Mzabuni alipoitwa aliweka kidole kwenye sentensi yangu, kisha kwenye pakiti. Kasi ya juu iliyoombwa ndiyo kasi ya juu aliyoileta. Kwa mujibu wa karatasi alikuwa na haki, na ofisi ikabaki na kadi 20 zisizoongeza kitu ila idadi ya matundu. Hapana budi nikajiuliza imekuwaje kitu kiitwacho kasi ya juu kiwe ndicho cha polepole. Jibu lake ni historia ambayo yafaa kila mfasiri wa nyaraka za ununuzi aijue.

Kabla ya mwaka 1996 mgongo wa kompyuta ulikuwa kama soko ambalo kila muuzaji ana mizani yake. Printa ilikuwa na tundu lake pana la pini 25. Modemu ilikuwa na tundu la pini 9. Kibodi na kipanya vilikuwa na matundu madogo ya mviringo, yaliyoanza na kompyuta za PS/2 ambazo IBM ilizitoa mwaka 1987. Hakuna kilichoingia mahali pa chenzake, na aghalabu kompyuta ilibidi izimwe na kuwashwa upya ndipo itambue kilichochomekwa. Ndipo kampuni 7, nazo ni Compaq, DEC, IBM, Intel, Microsoft, NEC na Nortel, zikakubaliana juu ya tundu moja litakalopokea vifaa vyote. Miongoni mwa wahandisi walioongoza kazi hiyo alikuwa Ajay Bhatt, mzaliwa wa India aliyeajiriwa na Intel. Kanuni ya kwanza ilitolewa Januari 1996. Miaka 2 baadaye kampuni ya Apple ikatoa kompyuta yake ya iMac ikiwa imeyaacha matundu yake ya zamani na kutegemea USB, na watengenezaji wa vifaa wakaona kwamba hakuna kurudi nyuma.

Sisi tulikuwa wapi? Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 uagizaji wa mashine hizo ukapigwa marufuku, na haukuachiwa huru hadi miaka ya 1990. Msomaji aangalie tarehe hizo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na mpango mkuu wa mji ukatolewa mwaka 1976 na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Yaani mji mkuu ulipangwa katika miaka ileile ambayo kompyuta zilifungiwa mlango. Warekebishaji wa istilahi wa miaka hiyo walitunga maneno ya sheria, ya benki na ya kemia, tena mengi yao mazuri, lakini mashine hii hawakuwa nayo mezani. Ilipokuja kwa wingi ilikuja pamoja na matundu yake yote kwa mkupuo mmoja, ya zamani na mapya, na majina yakatungwa dukani na karakanani. Ndiyo maana hata leo kisanduku kizima huitwa "sipiyu", ingawa herufi hizo ni za kipande kimoja kidogo kilichomo ndani yake.

Sasa tuje kwenye majina ya kasi, ambayo ndiyo yaliyoniponza.

Kanuni ya mwaka 1996 iliweka kasi mbili. Ya kwanza, kwa ajili ya vifaa visivyo na haraka kama kipanya, ilikuwa megabiti 1.5 kwa sekunde. Waandishi wake wakaiita kasi ndogo. Ya pili ilikuwa megabiti 12 kwa sekunde, nayo wakaiita full speed, yaani kasi kamili. Wakati huo jina lilikuwa la kweli, kwa kuwa tundu halikuweza kwenda zaidi ya hapo. Lakini mwaka 2000 ikaja kanuni ya pili, USB 2.0, yenye megabiti 480 kwa sekunde, mara 40 ya ile iliyokwisha kuitwa kamili. Iitwe nini? Wakaiita high speed, kasi ya juu, na kwenye pakiti za dukani ikaandikwa Hi-Speed. Novemba 2008 ikatoka USB 3.0 yenye gigabiti 5 kwa sekunde, zaidi ya mara 10 ya kasi ya juu. Sifa za kawaida zilikuwa zimekwisha, wakaiita SuperSpeed. Mwaka 2013 ikaja ya gigabiti 10. Sasa wakaongeza alama ya kujumlisha mbele ya jina lilelile.

Kwa hiyo ngazi ilikuwa hivi kutoka chini kwenda juu: ndogo, kamili, ya juu, kuu kupita zote, na kuu kupita zote na ushei. Mnunuzi asiye mtaalamu angejuaje kwamba kamili ni ya pili kutoka chini? Hata wauzaji wenye nia mbaya walifaidika, kwani kifaa cha megabiti 12 kiliweza kuuzwa kikiwa na maandishi "USB 2.0 Full Speed", na kila neno katika maandishi hayo likawa la kweli.

Katika Kiswahili balaa huwa kubwa zaidi. Kwa Kiingereza full yaweza kumaanisha tu kwamba chombo kimefunguliwa mpaka mwisho wake. Lakini kwetu neno kamili halina nyongeza. Hesabu iliyokamilika haiongezwi, mwezi ukitimu siku 30 ni kamili, na mtu hawezi kuwa kamili zaidi ya aliye kamili. Mfasiri anayeandika "kasi kamili" amemwahidi msomaji kwamba hapana kitu juu yake. Tafsiri ni sahihi neno kwa neno, na msomaji amepotoshwa.

Wenye USB wenyewe walijaribu kuondokana na sifa kwa kutumia namba, wakaivuruga tena. USB 3.0 ya mwaka 2008 walipotoa kanuni ya 2013 waliibatiza upya kuwa USB 3.1 ya kizazi cha kwanza, na mwaka 2017 wakaibatiza tena kuwa USB 3.2 ya kizazi cha kwanza. Tundu ni lilelile, gigabiti ni zilezile 5, majina matatu. Hatimaye mwaka 2022 walipendekeza kwamba mnunuzi aonyeshwe kipimo chenyewe tu: gigabiti 5, 10, 20 au 40 kwa sekunde. Iliwachukua miaka 26 kufika mahali ambapo muuza mafuta ya taa alikuwa tangu siku ya kwanza, kwani yeye huuza kwa lita.

Tusiwacheke sana. Tazama reli inayopita Dodoma. Reli ya kwanza, iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam, ilifika hapa mwaka 1910, ikiwa na upana wa milimita 1,000. Kilichopita juu yake tulikiita gari la moshi, kwa sababu kilitoa moshi. Mvuke ukaondoka, ikaja dizeli, na jina likabaki. Mwaka 2024 usafiri wa abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma ulianza katika reli mpya ya milimita 1,435, kwa treni za umeme zenye uwezo wa kwenda kilomita 160 kwa saa. Hapo hapana moshi hata kidogo, na bado wapo waandishi wanaoandika "gari moshi la umeme". Reli yenyewe tunaiita "reli ya kisasa". Ni ya kisasa leo. Mjukuu atakayepanda treni hiyo mwaka 2074 ataiitaje reli itakayojengwa kando yake? Jina la kitaalamu, lenye kutaja upana wa kipimo sanifu, lingedumu. Hili la sifa limeanza kuhesabiwa siku zake tangu lilipotamkwa. Mabasi ya Dar es Salaam yaliyoanza mwaka 2016 nayo ni "mwendokasi", hata yakiwa yamesimama kituoni. Na Dodoma ina mtaa uitwao Kisasa, ambao leo una majirani wapya kuliko wenyewe.

Wapo watakaosema kwamba majina ya namba na herufi ni makavu, hayana ladha ya lugha. Nakubali kwamba ni makavu. Lakini wakazi wa Dodoma wamekaa miaka mingi katika mitaa iitwayo Area A, Area C na Area D, na sijasikia mtu aliyepotea njia kwa ukavu wa jina. Ladha ina mahali pake. Katika maelezo ya zabuni kinachotakiwa ni kwamba anayeuza na anayenunua waelewe kitu kimoja, na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, hatuwezi tena kutegemea kwamba nakala ya Kiingereza itatuokoa mbele ya shauri.

Lipo suala jingine la kitu chenyewe kinachochomekewa, ambacho Kiingereza hukiita port. Nimekutana na hati iliyokiita "bandari ya USB". Aliyeandika alifungua kamusi akachukua neno la kwanza. Kiingereza kina maneno mawili ya umbo hilo: moja limetoka katika Kilatini portus, gati la meli, na jingine katika porta, lango. Yana undugu wa mbali, lakini la kompyuta lina maana ya lango, mahali pa kupitia. Bandari, tuliyoipokea kutoka Kiajemi, ni ya meli, na sioni sababu ya kuipeleka Dodoma ambako hata mto wa kudumu ni shida.

Yabaki "mlango", "tundu" na "poti". Poti ndilo neno la mafundi, na halina kosa. Hata hivyo napendelea tundu kwa kitu kinachoonekana na kushikika, kwa kuwa mtu yeyote akiambiwa "chomeka kwenye tundu" atafanya hivyo bila kuuliza. Nimepingwa kwa hoja ambayo sikuitarajia. Mwalimu mkuu mmoja aliniambia kwamba katika taarifa za shule "matundu" ni ya vyoo, na akiandika kwamba shule imepokea matundu 12, wilayani watauliza kama yamechimbwa. Hoja yake si ya kupuuzwa, lakini dawa yake ni kuandika kikamilifu, "matundu ya USB", kama yeye anavyoandika "matundu ya vyoo". Ama "mlango", ningeuhifadhi kwa njia zisizoonekana, zile zenye namba ambazo programu huzitumia kupokea na kutoa taarifa katika mtandao. Kiingereza hutumia neno moja kwa yote mawili, nasi hatulazimiki kuurithi umaskini huo.

Herufi USB zenyewe ningeziacha zilivyo. Zinasimama badala ya maneno yenye maana ya njia ya pamoja, ipitishayo taarifa biti moja baada ya nyingine, kwa matumizi ya wote. Neno la mwisho katika hayo ni bus, nalo asili yake ni omnibus ya Kilatini, "kwa ajili ya wote", ambayo ndiyo iliyotupatia basi la abiria. Kwa hiyo yule mwanafunzi aliyetafsiri "basi" na kuchekwa na darasa zima hakuwa mbali sana na ukweli kama wenzake walivyodhani.

Nirudi kwenye zile kompyuta 20. Fundi alinikalisha, akafungua kisanduku kimoja kwa bisibisi, akanionyesha kwa nini neno moja la kasi halikutosha. Tundu la zamani lina pini 4. La USB 3.0 lina hizo 4 na nyingine 5 nyuma yake, na kwa kawaida plastiki yake ni ya buluu ili litambulike. Diski mpya huingia katika tundu la zamani na kufanya kazi kwa kasi ya zamani, jambo ambalo treni ya milimita 1,435 haiwezi kulifanya kwenye reli ya 1,000. Ndiyo maana hakuna aliyeona kosa kwa macho: kila kitu kilichomekeka.

Kadi ya nyongeza huchomekwa katika sloti ya PCI Express kwenye ubao mkuu wa kompyuta. Sloti ndogo ya kizazi cha kwanza hupitisha megabaiti 250 kwa sekunde, na ya kizazi cha pili 500. Mfasiri aangalie hapa: megabaiti si megabiti, kwa kuwa baiti moja ni biti 8, na tofauti ya a iliyozidi yaweza kugharimu fedha za umma. Gigabiti 5 za USB 3.0, zikiondolewa biti za usimbaji, ni megabaiti 500. Basi katika sloti ya zamani kadi hupata nusu ya haki yake. Hata nusu hiyo ni zaidi ya mara 4 ya megabaiti 60 ambazo USB 2.0 inaziahidi. Tena tundu jipya huruhusiwa kutoa umeme wa miliampea 900 badala ya 500, kwa hiyo kadi nzuri huwa na mahali pa kupokea waya wa umeme kutoka pawasaplai. Mwisho, Windows 7 iliyokuwamo haikuja na programu kiendeshi ya USB 3.0, hiyo ilianza kuwamo ndani ya Windows 8 mwaka 2012. Lazima basi muuzaji ailete. Narudia, programu kiendeshi. Rasimu moja niliyoihakiki ilidai kila kadi iletwe "pamoja na dereva wake", na sijui posho yake ingelipwa na nani.

Maelezo ya pili niliyaandika fundi akiwa ameketi kando yangu. Yalisomeka hivi: kadi ya kuongeza matundu ya USB, gigabiti 5 kwa sekunde kwa kila tundu, ya kuchomekwa katika sloti ya PCI Express, yenye kiungio cha kupokea umeme kutoka pawasaplai, pamoja na programu kiendeshi ya Windows 7. Sifa hapana hata moja. Kadi zilizoletwa zilikuwa ndizo, na diski ya gigabaiti 500 iliyokuwa ikichukua saa 4 kunakiliwa sasa ilichukua saa 1 na nusu hivi, kwa kuwa kilichobaki kuchelewesha ni diski yenyewe.

Zile za kwanza zingali ghalani. Mtunza ghala, mama mmoja makini asiyependa kubadili maneno ya hati aliyopokelea mali, ameziingiza katika leja kwa jina nililozipa mwenyewe: kadi za kasi ya juu, 20.